Mpira Mmoja, Watu Wawili

Jumapili, 4 Agosti

Mwalimu wa gofu ameniamuru niwe na daftari. Niandike kila nilichopiga, kilivyokwenda, na kwa nini. "Na likae kwenye begi la fimbo," akasema, "si kabatini." Basi hili hapa. Nimelitoa dukani kwangu. Kurasa zake zina safu mbili, jicho la kulia na jicho la kushoto. Haidhuru.

Nilichopiga leo: hewa. Mara nne. Mara ya tano nikapiga ardhi, nikang'oa kipande cha nyasi ukubwa wa sahani. Kikaenda mbali kuliko mpira.

Kwa nini: miaka tisa.

Hapo zamani nilikuwa mchezaji wa handikapu sita, na namba hiyo ikiwa ndogo ndivyo mtu alivyo hodari. Naiandika kwa sababu hakuna atakayesoma akacheka. Sita! Watu walikuwa wakisimama kunitazama nikianza shimo la kwanza. Leo pia walisimama.

Hali ya mwili: mgongo unanidai. Goti la kulia linalia kama bawaba. Vidole viwili vina malengelenge. Na mimi ndiye mpima macho — mchana kutwa nawasomesha watu herufi za ukutani, halafu jioni mpira wangu mwenyewe siuoni ulikoangukia.


Jumatatu, 5 Agosti

Mteja alidondosha miwani. Tukaitazama wote wawili pale sakafuni. Mwishowe akaiokota yeye. Ana miaka sabini na moja.


Jumatano, 7 Agosti

Niandike ilivyoanza, maana nikija kusoma mwakani nitadhani nilirukwa na akili.

Kila Septemba klabuni kuna Kombe la Jozi. Wawili wawili, siku mbili, mashimo kumi na nane kila siku. Mpira ni mmoja. Akipiga huyu, anayefuata ni mwenzake, kisha huyu tena, mpaka uingie shimoni. Ukiutupa kichakani, anayeingia kichakani ni mwenzako. Nimewahi kuona watu waliooana miaka thelathini wakirudi kutoka uwanjani kwa njia mbili tofauti.

Mke wangu ni kapteni wa wanawake pale. Nyumbani namwita Kapteni pia, kwa utani, ingawa utani wenyewe umeanza kufanana na ukweli. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika fimbo. (Naliandika na hilo, wengine wamesahau.) Mwaka juzi alilitwaa kombe na daktari wa meno, ambaye kila mtu anamwita Meno tu. Mwaka jana wakalitwaa tena. Akilitwaa mara ya tatu mfululizo linakuwa lake moja kwa moja, halirudi tena kwenye kabati la klabu. Hakuna mwanamke aliyewahi.

Sasa mwezi uliopita tunakula, kimya kimya, mara nasikia: "Mwaka huu nacheza na wewe." Macho yake kwenye sahani.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Na Meno je? Ameshamwambia. Meno keshapata mwenzake, yule mama tunayemwita Hakimu, mstaafu wa mahakama — mkono mwepesi, na hasemi neno lisilo na kazi.

Nikamwambia: mimi fimbo sijaishika sawasawa tangu Mama alipolala.

"Najua," akasema. "Nilikuwepo."

Mama yangu alilala miaka minane. Upande mmoja wa mwili ulikufa ganzi, baadaye na maneno. Kila saa mbili ageuzwe, la sivyo ngozi inachubuka. Mwaka wa kwanza nilikuwa bado najikongoja uwanjani mara mojamoja. Kisha nikamwambia mke wangu, nenda wewe Jumamosi, angalau mmoja wetu aote jua. Akaenda. Akawa hodari. Mimi nikabaki nageuza.

Mama alitutoka Novemba. Tangu hapo Jumamosi naingia chumbani mwake na kukaa kwenye kile kiti, kama askari anayelinda jengo lililokwisha hamwa.


Jumamosi, 10 Agosti

Somo la kwanza. Mwalimu alinitazama nikipiga mipira kumi. Alikuwa anatafuna kijiti.

Akauliza: "Nani alikufundisha kupiga hivi?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Miaka ishirini iliyopita."

Akawaza. "Nilikuwa naumwa?"

Akaniambia niache kuutafuta ule mpigo wa zamani. Ule, anasema, ulikuwa wa kijana fulani mwenye kiuno. "Kijana huyo hayupo. Tumbo hili hakuwa nalo. Unamwita, haji, halafu unamkasirikia." Anataka nipige nusu: fimbo isipande zaidi ya bega, isishuke kwa pupa. Nusu!

Nikamwambia nusu hiyo ni ya wazee.

Akanitazama kichwani, penye mvi. Akarudi kwenye kijiti chake.


Jumatatu, 12 Agosti

Mipira mia na ishirini. Hata mmoja haukunyooka.

La, mmoja. Lakini nilikuwa nimelenga kwingine.


Alhamisi, 15 Agosti

Nimejaribu kwa siri kupiga mpigo mzima, kama zamani. Nilijihakikishia Mwalimu hayupo. Fimbo ikapanda, ikapanda, nikasikia kitu mgongoni kikisema ta! kama kijiti kikavu. Nikabaki nimesimama vilevile, fimbo juu ya kichwa, sithubutu kuishusha. Mtunza nyasi akapita na mashine yake, akadhani nampungia. Akanipungia.

Kapteni amenikanda kwa dawa ya joto. Hakuuliza ilitokeaje. Ila alikanda kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.


Jumapili, 18 Agosti

Leo ya kwanza pamoja, mpira mmoja.

Ndani ya gari akanipa utaratibu, kama mwalimu wa darasa la pili. Mashimo ya witiri anaanza yeye, ya shufwa naanza mimi. Baada ya hapo ni zamu kwa zamu. Sheria zote anazo kichwani, mpaka vifungu. Mimi namwambia ndiyo Kapteni, ndiyo Kapteni. Akasema nikimwita hivyo uwanjani atanitoza mkwaju, pigo moja la adhabu.

Shimo la pili nikamweka kwenye mtego wa mchanga. La nne, mchanga. La sita nikasema sasa nimejua kosa langu — mchanga. Akashuka na fimbo yake, akaupiga mpira ukatoka taratibu kama umebebwa kwa mkono, akapanda juu, akakung'uta viatu.

"Bwana, kuna mtu umemwahidi kumchimbia kisima?"

Huyo ndiye mke wangu. Nilicheka mpaka mgongo ukanikumbusha.

Lakini kuanzia la kumi hakutania tena. Nilikuwa nachoka, na uchovu wangu anaujua kwa sauti ya miguu. Akawa anapiga, anasukuma kitoroli chake mbele. Mabega yake nikiyaona kwa nyuma nilijua anahesabu. Tumemaliza kwa mikwaju mia na nne, na kwenye gofu michache ndiyo mizuri. Yeye na Meno mwaka jana walimaliza themanini.

Kwenye gari nikasema leo upepo ulikuwa mkali. Akasema haukuwepo.


Jumanne, 27 Agosti

Nilikuwa nimeinama nyuma ya makabati, pale klabuni, nahangaika na kamba ya kiatu. Wakaingia wawili. Sauti nazijua, mmoja wao miwani yake nimeipima mimi. Wa kwanza akasema kombe la mwaka huu ni la Hakimu na Meno, hapana ubishi. Wa pili akauliza, na Kapteni? "Kapteni amejitakia. Ameamua kumbeba mumewe mgongoni." Wa pili akasema ndiyo huruma hiyo, na huruma haichezi gofu.

Wakatoka. Nikakaa na kiatu changu.

Kilichoniuma si ubaya wa maneno, maana hayakuwa na ubaya. Yalisemwa kama mtu anavyosema kesho kutanyesha.


Jumamosi, 31 Agosti

Nimemwambia leo jikoni. Alikuwa anaosha vikombe, mimi napangusa. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu tangu alfajiri: jina langu litolewe, bado wiki mbili, Meno ni muungwana atarudi, Hakimu ataelewa, na mimi nitakuja kusimama pembeni na kupiga makofi mpaka viganja viwake moto. Nikaimaliza bila kukwama. Naona hata ilikuwa nzuri.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akafunga bomba.

"Miaka minane narudi Jumamosi nakukuta palepale nilipokuacha. Nakuonyesha kombe. Unasema hongera mke wangu, unainuka, unakwenda kumgeuza Mama. Sikulaumu. Mama alikuwa mama yangu pia, usiku uliposhindwa niligeuza mimi. Lakini unadhani ile hongera ilikuwa na ladha gani?"

Nilikuwa napangusa kikombe kilekile.

"Sitaki mtu wa kunipigia makofi," akasema. "Nataka mtu wa kugombana naye ndani ya gari tukirudi."

Nikasema: na kombe?

Hapo ndipo aliponishangaza. Nilitegemea aseme kombe ni bati tu, kombe si kitu. Akasema: "Nalitaka. Usijidanganye hata kidogo. Nalitaka sana. Nimeshapaona pa kuliweka." Akanyoosha kidole chenye povu kuelekea sebuleni, kwenye rafu, kati ya redio na picha ya watoto.

"Kwa hiyo kajifunze kupiga nusu."

Akafungua bomba.


Jumatano, 4 Septemba

Nimepiga!

Naandika nikiwa ndani ya gari, bado sijawasha. Nusu. Fimbo ikafika begani, ikashuka yenyewe, sikuisukuma. Sikusikia kitu mikononi. Nikainua kichwa nikauona uko juu, umenyooka, unakwenda, wala hauna haraka. Hatua mia na thelathini. Kijana yule angepeleka mia na sabini. Lakini angeupeleka wapi? Tuseme ukweli, nusu ya ile handikapu sita ilikuwa bahati na nyingine ilikuwa kiuno.

Nikapiga wa pili ili nihakikishe. Ukaenda bwawani.

Wa tatu sawa. Wa nne sawa. Wa tano bwawani. Mwalimu akasema hiyo inatosha kwa leo, tusiwakere bata.

Binti yetu alipiga simu akaniuliza ninaendeleaje. Nikamweleza kwa kirefu, mpaka mkono ulivyokaa. Akasema, "Baba, nilikuwa nauliza mgongo."


Jumapili, 8 Septemba

Jozi, mazoezi. Tisini na moja. Mchangani mara mbili tu, na moja ilikuwa yake! Nikamwambia: bwana, kuna mtu umemwahidi kisima? Akanitoza mkwaju wa utovu wa adabu.

Tumegombana ndani ya gari kuanzia getini mpaka nyumbani. Kuhusu shimo la tisa — yeye anasema ningelenga kushoto. Tumeingia ndani bado tunagombana. Tumekula tunagombana.

Nimechoka vizuri. Sijui kama kuna uchovu wa namna hiyo, lakini leo nimeuona.


Ijumaa, 13 Septemba

Kesho. Dukani leo nimempa mteja miwani ya mteja mwingine. Aliivaa, akatazama huku na huku, akasema anaona mbali sana ila hajioni mikono. Nikaomba radhi.

Kapteni amefua glavu zake, amepanga tii, vile vijiti vya kuwekea mpira, kwa rangi, amelala. Mimi nafanya mambo madogo madogo. Naogopa. Nimeshaliandaa kabisa na neno la kumwambia nitakapoharibu: samahani mke wangu, nilinyanyua kichwa kabla sijaupiga. Nimelisema mbele ya kioo. Linasikika vizuri.


Jumamosi, 14 Septemba

Themanini na nne!

Niandike polepole, mkono umechoka. Meno na Hakimu: themanini na tatu. Wengine wote nyuma yetu, wengine nyuma sana. Leo tulipangwa nao kundi moja; kesho kundi la mwisho ni sisi na wao tena, wanne pamoja.

Nilifanya mabaya mawili. La tano, mpira ukaruka pembeni kama panzi, ukagonga trekta la kukatia nyasi lililoegeshwa chini ya mti, ukarudi njiani, mahali pazuri kuliko ambapo ningeulenga. Hakimu akasema kwa sauti ya mahakamani, "Imepokelewa." La kumi na mbili nikausukuma ukapita shimo, ukateremka, ukaenda zake. Nikafungua mdomo niseme neno langu la kwenye kioo. Kapteni akasema, "Funga, bado zamu yangu," akautia kutoka kulekule chini.

Mengine yote — nusu. Nusu, nusu, nusu. Hakuna aliyesimama kunitazama. Ni gofu isiyo na la kusimulia, na kwenye kadi inasomeka vizuri.

Meno alinishika bega tulipomaliza. Akasema anafurahi kuniona, na kwamba Kapteni mwaka huu anapiga kwa raha kuliko alivyokuwa akipiga na yeye. Akasema: "Na mimi alikuwa anapiga kama anakimbiza basi." Mtu mzuri. Ningependa kesho nimshinde.

Goti limevimba. Kapteni amelifunga kitambaa chenye barafu, akakaa chini sakafuni, ameegemea kochi nililolalia. Akasema kwa chini, kama anajiambia: "Mkwaju mmoja tu."

Sijamsikia akitaka kitu namna ile tangu nimjue. Sauti ilikuwa ya msichana.


Jumapili, 15 Septemba — kibandani, jirani na shimo la kumi na saba

Mvua. Radi. Honi ya klabu imelia mara moja, ndefu: kila mtu aache alichokuwa anafanya akimbilie paa. Ikilia mara mbili tunaendelea. Yamebaki mashimo mawili.

Tumo wanne kwenye kibanda. Meno na Hakimu wako mwisho kabisa, kwenye benchi la ukutani, wana karanga. Mimi niko katikati, nimekaa juu ya ndoo ya mbegu za nyasi, miguu imeziba njia. Kapteni yuko mlangoni, yeye na begi lake la fimbo, anatazama maji.

Tunaongoza kwa mkwaju mmoja.

Sisi! Mashimo tisa ya kwanza tulikwenda nao sare, bado wao mbele kwa ile moja ya jana. La kumi na moja Meno akatia mpira bwawani. La kumi na nne Kapteni akausukuma kutoka hatua kumi na tano, ukapinda kama unajua njia, ukaingia. Akarusha kofia. Mama wa miaka hamsini na mbili, kapteni wa wanawake, akarusha kofia! Basi mbele kwa moja.

Sasa la kumi na sita. Niandike vizuri hapa.

Ni la shufwa, nikaanza mimi. Nusu, ukaenda sawa. Wa pili akaupiga yeye, ukaishia pembeni mwa griini, kile kizulia cha nyasi fupi chenye shimo. Wa tatu mimi, nikauinua, ukatua hatua nne kutoka shimoni. Matone yalishaanza, makubwa, ya baridi. Wa nne yeye. Akausukuma, ukagusa mdomo wa shimo, ukakataa, ukasimama shubiri moja upande wa pili. Na hapohapo, bila kuinua kichwa, kama mtu anavyofunga mlango wa nyumba yake, akanyoosha fimbo akautia ndani.

Wa tano ulikuwa wangu.

Hakuna aliyeona. Hakimu alikuwa anapigana na mwavuli. Meno alishageuka anakimbiza kitoroli. Kapteni akauokota mpira, akasema "tano," na mimi nikaandika tano. Mkono huuhuu. Nilikuwa nishaandika ndipo nikahesabu kwa vidole. Mimi, yeye, mimi, yeye, yeye. Radi ikapasuka, honi ikalia, tukakimbia.

Sheria hiyo aliisema yeye mwenyewe ndani ya gari wiki zilizopita, na kifungu chake. Asiye na zamu akipiga, adhabu ni mikwaju miwili, na mpira unarudishwa pale ulipokuwa, apige mwenye zamu. Ile tano inakuwa saba. Tulio mbele kwa moja tunakuwa nyuma kwa moja. Na ni lazima isahihishwe kabla ya kuanza shimo linalofuata. La kumi na saba ni witiri, anaanza yeye. Akishaupiga mpira wa kwanza, hakuna tena cha kusahihisha: ni kuondolewa mashindanoni, au ni kunyamaza mpaka kaburini.

Wiki sita nimekuwa naliogopa kosa langu. Nililiandalia na neno. La kwake sikuliandalia chochote.

Nikisema, nimemnyang'anya. Mimi, niliyebebwa mgongoni! Watasema hata alipokuwa amefika, mumewe akamvuta miguu. Nikinyamaza, kombe litakaa pale kati ya redio na watoto, na kila asubuhi nitalipita nikienda kuteleka maji ya chai. Na yeye nitamwambia hongera mke wangu. Ile hongera.

Labda sikuhesabu sawa. Mimi, yeye, mimi, yeye. Nimehesabu sawa.

Kwani yeye hajahesabu? Huyu anayehesabu mpaka ngazi za hospitali? Mbona hageuki? Meno amemwita mara mbili aje apate karanga, hakumjibu. Maji yanamrukia viatuni na hasogei.

Mvua inapungua. Nimwambie sasa. Nimwambie akigeuka.

Amegeuka.

Amekuja, amechuchumaa karibu yangu. Bega lake limelowa. Ameuliza naandika nini. Nimesema hesabu. Akatabasamu kidogo, akaacha. Kisha akasema kwa chini, akitazama ukurasa na si mimi:

"Ule wa mwisho niliutia mimi."

"Wewe."

"Na kabla yake?"

Kalamu sijaisimamisha, naandika ili macho yawe na mahali pa kukaa. Anangoja. Nasikia pumzi yake. Ameuliza tena, taratibu, na safari hii ameniita kwa jina langu, ambalo hajaliita tangu watoto wazaliwe.

"Wewe," nimesema.

Ametikisa kichwa, kukubali, kama mtu aliyesomewa herufi za mstari wa chini na kuona kumbe alikuwa anazisoma sawa. Honi. Mara mbili. Hakimu ameinuka, anakunja karatasi ya karanga. Mke wangu naye ameinuka. Begi lake liko kule mlangoni. Wao wako huku ndani, nyuma yangu, na miguu yangu imeziba njia.

Ananiambia nivute miguu, apite aende kwao.